Mikono Baridi ya Mama Barafu

Jambo la kwanza aliloliona mtu yeyote kwa Mama Barafu lilikuwa jicho lake la kushoto. Asubuhi lilikuwa jicho kama la watu wengine, wazi, jeusi, lenye udadisi wa kuwatosha watu wawili. Lakini jua likishapita utosini, kope ya juu ya jicho hilo ilianza kushuka polepole, kama mlango wa duka ambalo mwenyewe hajaamua kama anafunga au bado anasubiri mteja wa mwisho. Kufikia alasiri lilibaki nusu. Mteja mgeni aliyefika saa hizo kununua barafu aliondoka akijiuliza amekonyezwa kwa sababu gani.

Muuza nyama wa bucha ya jirani hakujiuliza. Alikuwa mgane wa miaka mingi, mwenye tumbo la heshima na sauti nzito, na alikata shauri mapema kwamba bahati imemwona. Akaanza kuja kazini amejipaka manukato, jambo ambalo halikuisaidia nyama wala pua za wateja. Siku moja akaleta ini lililofungwa vizuri kwenye karatasi.

"Jirani," Mama Barafu akamwuliza, "hili ini la nini?"

"La shukrani tu. Mtu akikuangalia vizuri, na wewe unamwangalia vizuri."

"Nani amekuangalia vizuri?"

Muuza nyama akashusha sauti. "Si wewe unayenikonyeza kila siku baada ya chakula cha mchana?"

Mama Barafu alicheka hadi akashika ukingo wa friza. "Jirani, jicho hili linamkonyeza hata paka. Juzi limemkonyeza mkaguzi wa soko, na bado alinifokea. Mimi nina mume nyumbani. Ini nitalichukua, maana limeshafungwa, lakini nitampikia yeye."

Muuza nyama hakununa. Tangu siku hiyo akawa anamwita shemeji, manukato yakakoma, na urafiki wao ukawa wa kutaniana kutoka kibanda hadi kibanda.

Kibanda chenyewe kilikuwa mwisho wa soko, kati ya bucha na bomba la maji. Ndani mlikuwa na mafriza marefu yanayonguruma mchana kutwa, madebe ya kugandishia maji, msumeno wa meno mapana na nyundo ya mbao. Wauza samaki walichukua mabonge, wauza juisi walichukua ya kupondwa, na yeyote aliyejikwaa au kung'atwa na nyuki alipewa kipande bure. Kwa kuwa alishika barafu tangu kufungua hadi kufunga, mikono ya Mama Barafu ilikuwa baridi daima. Akikusalimia, ulishtuka. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alisema ameishi na mke mmoja lakini na mikono ya maiti wawili, na kwamba asingembadilisha kwa yeyote, ila tu asimguse mgongoni bila kupiga honi kwanza.

Kwa lile jicho alikuwa na tiba yake. Likizidi kushuka alichukua kipande cha barafu, akakifunga kwenye leso na kukibana juu ya kope huku akipiga soga. Baada ya muda mfupi kope ilinyanyuka na jicho likarudi kazini. Hakuona ajabu yoyote. Maji baridi humwamsha mtu mzima, sembuse jicho.

Yaliyomsumbua ni mengine. Sauti yake, ambayo asubuhi ilisikika hadi upande wa pili wa soko, jioni ilitokea puani kama ya mtu mwenye mafua. Nyama ilimchosha kutafuna, akawa anapumzika katikati ya mnofu huku mumewe akimwuliza kama ameishiwa mafuta. Kuchana nywele kukawa kazi ya vipindi viwili, kwa maana mikono ilikataa kukaa juu. Kisha siku moja, karibu na saa ya kufunga, bonge la barafu likamponyoka na kupasuka sakafuni, hatua moja tu kutoka kwenye vidole vya muuza nyama.

"Shemeji, kama hukulitaka lile ini ungesema," alisema muuza nyama. Watu wakacheka, naye Mama Barafu akacheka, lakini usoni tu.

Maana wiki hiyohiyo binti yake wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekaa kwenye stuli palepale kibandani, tumbo lake la mimba ya kwanza limetangulia mbele, akasema, "Mama, mimi siwezi kumwogesha kitoto kichanga. Nimeona kwa rafiki yangu, kinateleza kama sabuni. Wewe ndiye utakayemwogesha mpaka nizoee. Nimeshamwambia mume wangu, tunakuja kukaa kwenu."

"Nani mwingine angemwogesha?" Mama Barafu alijibu kwa fahari. Alikuwa amelisubiri ombi hilo tangu binti huyo mwenyewe akiwa wa kuogeshwa. Sasa alitazama vipande vya barafu vikiyeyuka sakafuni na kuwaza: kama angekuwa mtoto mwenye mapovu ya sabuni?

Hakumwambia mtu. Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, na mwalimu ni mtu aliyezoea kuona kinachofichwa chini ya dawati. Binti yake alimwona akishikilia kikombe kwa mikono miwili, akamwona akilitegemeza taya kwa kiganja ili amalizie sentensi. Alimpeleka hospitali.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mzee mpole aliyeongea kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Alimwambia Mama Barafu atazame dari bila kushusha macho. Mama Barafu akatazama. Dari ilikuwa na doa lenye umbo la ndizi, naye akalikazia macho kwa bidii, lakini kope ya kushoto ikaanza kushuka, na ya kulia nayo ikataka kuifuata.

"Ninahisi ujumbe unatoka vizuri kwenye neva lakini unapofika kwenye msuli haupokelewi wote," alisema daktari. "Nataka tuhakikishe. Kuna kipimo cha umeme. Hakiingizi sindano mwilini, vibandiko tu juu ya ngozi."

Neno umeme lilifika nyumbani kabla yake.

"Mke wangu," alisema mumewe akiwa kwenye kiti chake cha kibarazani, ambako aliiendesha dunia yote tangu astaafu, "umeme umeshakuunguzia mafriza mawili. Sasa unataka ukuunguze na wewe?"

"Friza halikuwa na mjukuu njiani," alijibu.

Siku ya kipimo ilipofika, Mama Barafu alipitia kibandani kwanza, kwa kuwa wauza samaki hawajui habari za miadi. Akawakatia mabonge yao. Tena, kwa kuwa si vizuri kwenda kwa watu mikono mitupu, na hospitali ile ilikuwa na joto la kuokea mikate, alijaza ndoo barafu na kuchomeka soda ndani yake. Aliipakata njia nzima katika gari kuukuu la mumewe, mikono yote miwili ikiwa imeikumbatia.

Mpimaji alikuwa msichana mfupi mwenye miwani ya duara, aliyevaa raba nyeupe na kutembea kama mwenye springi miguuni. Alifurahia soda hadi akasahau kujitambulisha. Kisha akaushika mkono wa Mama Barafu na kushtuka, kama wote walivyoshtuka.

"Mama, mikono yako ni baridi sana."

"Ndiyo kazi yangu, mwanangu. Iko hivyo miaka yote."

Mpimaji akatafuta kipimajoto cha ngozi, akakibonyeza, hakikuwaka. Betri ilikuwa imekufa na ya akiba haikuonekana. Nje kwenye benchi watu walikuwa wanakohoa kwa namna ya kumkumbusha saa. Akauzungushia mkono blanketi, akangoja kidogo, akagusa kiganja. Kilikuwa na uvuguvugu. Akaridhika.

Akabandika vibandiko ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, na kuweka kifaa chenye ncha mbili juu ya kifundo cha mkono. "Utahisi kama mtu anakugonga kwa ukucha. Usikisaidie kidole wala usikizuie."

Tap. Kidole cha mwisho kikaruka.

"Kimeruka bila ruhusa yangu," alisema Mama Barafu.

"Leo kinanitii mimi."

"Basi na mume wangu tumpitishe hapa."

Tap, tap, tap. Kila kidole kiliporuka, kilima kidogo kilichoreka kwenye skrini. Mpimaji alieleza kwamba kila kilima ni jibu la msuli. Msuli wenye afya hujibu sawasawa hata ukiitwa mara nyingi mfululizo. Msuli ambao ujumbe haufiki vizuri hujibu kwa nguvu mara ya kwanza, kisha kwa uvivu, na vilima hupungua kimo. Mama Barafu alivitazama vilima vyake. Vilikuwa vimepangana sawa kama wanafunzi mstarini.

"Hapa sioni kasoro," mpimaji alisema kwa furaha, maana alipenda kutoa habari njema.

Daktari naye alisoma majibu, akakuna kidevu, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu au mapema hali ikibadilika.

Mume alifurahi hadi akapiga honi njia nzima. Aliyekaa kando yake hakufurahi.

"Mtu anaambiwa mzima, analia?" mzee aliuliza, akipunguza mwendo.

"Ugonjwa una dawa," alisema Mama Barafu kwa sauti yake ya puani ya jioni. "Uzembe una dawa gani?"

Huo ndio ulikuwa mzigo wake. Kama si ugonjwa, basi yeye ndiye amekuwa goigoi tu, na goigoi hapewi mtoto mchanga.

Akafikiri la kufanya, akaona ni moja. Mama mkwe wa binti yake alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono kama mchi, na watu walimwita Mchi mbele yake na nyuma yake, na mwenyewe alipenda. Alipopita sokoni kuchukua barafu ya shughuli zake, Mama Barafu akamgusia, kwa mbali sana, kwamba huenda siku ya kumwogesha mtoto akahitaji mtu wa kumsaidia.

"Mkwe wangu," alisema Mchi, tayari akikunja mikono ya nguo, "nilikuwa nangoja tu uliseme. Mimi nimeogesha wanangu sita na wa majirani. Halafu na mikono yako hiyo ya kwenye friza, si mtoto angepiga kelele hadi mtaa wa pili?"

Alisema bila ubaya, tena akacheka na kumpigapiga begani. Mama Barafu akacheka naye. Lakini alipotaka kusema, "Basi mwogeshe wewe," alijikuta anampa Mchi barafu zaidi ya aliyoomba. Binti yake bado hakujua lolote kuhusu hofu hiyo.

Mambo yangebaki hivyo kama si zile soda. Wafanyakazi wa chumba cha vipimo hawakuwa wamewahi kupata mgonjwa wa kuwaletea barafu, na mmoja wao alipokaribia kuhamishwa, wakaamua kumuaga kwa vinywaji baridi. Mpimaji ndiye aliyetumwa kwa "yule mama wa ndoo." Alifika sokoni alasiri ya Jumamosi, joto likiwa limewalaza hata nzi, akauliza, akaelekezwa.

Alimkuta Mama Barafu ameketi, jicho la kushoto limefunga nusu, anabishana na muuza nyama.

"Leo umenikonyeza tangu adhuhuri, shemeji. Watu watasema."

"Waache waseme. Ngoja nilifungue." Akachukua kipande cha barafu, akakifunga kwenye leso na kukibana juu ya kope. Akampungia mpimaji mkono kumkaribisha, akamuuliza hali ya kazi, hali ya wazazi, na kama lile benchi lao bado linakohoa. Kisha akaondoa leso.

Jicho lilikuwa wazi kabisa.

Mpimaji hakujibu habari za wazazi. Alikuwa ameinama, miwani imeshuka puani. "Mama, hilo jicho umelifanyaje?"

"Nimelipa barafu. Kila siku nafanya hivyo."

"Na linafunguka kila siku?"

"Lisipofunguka ntauzaje?"

Mpimaji akashika mkono wake. Ulikuwa baridi kama siku ile. Akautazama, akayatazama mafriza, akaitazama nyundo ya mbao yenye ukungu wa baridi, na uso wake ukabadilika kama wa mpishi anayekumbuka aliacha jiko linawaka. "Mama, siku uliyokuja kwangu, ulishika barafu?"

"Mwanangu, siku gani mimi sishiki barafu? Na ile ndoo je? Niliipakata kama mwana."

Mpimaji akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa. "Nimekukosea," alisema. "Ugonjwa tunaoutafuta hujificha kwenye baridi. Msuli ukipoa, ujumbe unapokelewa vizuri zaidi kwa muda. Ndiyo maana kope inanyanyuka. Mimi nilikuwekea blanketi, nikagusa ngozi, nikaona imepata uvuguvugu. Ndani kulikuwa bado na friza. Sikupaswa kupima bila kipimajoto."

Muuza nyama, aliyekuwa anasikiliza huku akijifanya ananoa kisu, akasema, "Yaani shemeji alikwenda kuutafuta ugonjwa huku ameushikia dawa mkononi?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Barafu polepole. Halafu akauliza swali moja tu. "Kama ni huo, una dawa?"

"Una dawa. Si ya kuufuta, ila ya kukupa nguvu. Watu wanaishi nao na kufanya kazi zao."

"Na kuogesha mtoto?"

Mpimaji hakuelewa kwa nini mama huyu anauliza hilo badala ya mengine yote, lakini alijibu kwa ukweli. "Hilo atakuambia daktari, baada ya kukupima upya. Ila njoo umechoka, na njoo wa moto. Usipumzike siku hiyo, na usiiguse barafu hata kwa ncha ya kidole."

Haijawahi kuonekana familia iliyomlinda mtu dhidi ya barafu kama hiyo. Siku ya kipimo cha pili mume alikwenda kibandani yeye, akakata mabonge kwa pembe zisizojulikana na kuwaambia wauza samaki waliolalamika kwamba katika miaka yake ya lori hakuna mzigo uliowahi kulalamika. Mama Barafu alibaki nyumbani na kazi zote zilizokuwa zimelala. Alifua mapazia, akapiga deki, akachana nywele zake na kuzivuruga na kuzichana tena. Binti yake, ambaye sasa ilibidi aambiwe angalau nusu ya habari, alisimamia kama msimamizi wa mtihani.

"Mama, unapumzika."

"Navuta pumzi."

"Ivute huku unafua."

Alasiri akafika hospitali amevaa sweta juu ya sweta na soksi za mumewe mikononi. Benchi zima lilimsogelea kutaka kujua kama huko atokako kuna theluji. Jicho lilikuwa limefunga kuliko siku nyingine yoyote, na safari hii hakulipa barafu. Aliingia chumbani analiona jengo kwa upande mmoja tu, anatabasamu.

Kipimajoto kilikuwa na betri mpya. Mpimaji alimkalisha mikono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akaikausha, akapima, akairudisha tena majini, akapima tena, hadi aliporidhika kwa namba wala si kwa kiganja. Akabandika vibandiko.

Tap, tap, tap, tap.

Kilima cha kwanza kikasimama kirefu. Cha pili kikawa kifupi kidogo. Cha tatu kikashuka zaidi, na cha nne kikakaa chini kama mtu aliyefika ngazi ya mwisho na kugundua lifti ilikuwepo. Mpimaji akamwambia abane kidole kwa nguvu kwa muda, akamwacha apumzike kidogo, akapima tena. Ngazi ileile, tena yenye mteremko mkali zaidi. Akahamia begani, na bega nalo likasema vilevile.

Mama Barafu alikuwa ameisogelea skrini hadi pua yake ilikaribia kuigusa. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba kitu ambacho hakuweza kumwonyesha mtu. Ukisema umechoka, kila mtu anasema hata mimi. Sasa kilikuwa pale, kwa mistari ya kijani.

"Kumbe uchovu wangu una picha," alisema.

"Una picha," alisema mpimaji.

"Nichapie moja nimpelekee mume wangu. Na moja ya muuza nyama, ajue sikuwa namkonyeza."

Daktari aliitazama ngazi ile kwa muda, akaeleza tena, kwa upole wake, na safari hii alitumia mfano wa sokoni. Neva ni mteja anayeita dukani, msuli ni muuzaji aliye ndani. Katika ugonjwa huu mwili wenyewe, kwa kukosea, huziba baadhi ya madirisha ya kupokelea. Mteja akiita mara ya kwanza anasikika. Akiita mfululizo, madirisha machache yaliyobaki yanazidiwa. Dawa huufanya wito ukae zaidi dirishani. Kutakuwa na kipimo cha damu, na picha ya kifua, na kurudi kliniki mara kwa mara, na siku mbaya zitakuwepo. Akipata shida ya kumeza au ya kupumua, aje haraka, asingoje asubuhi.

"Na mjukuu?"

Daktari akatabasamu. "Mwogeshe asubuhi, dawa ikiwa imeshaanza kazi. Kaa chini kabisa, usisimame. Na mtu mwingine awe karibu, mkono wa pili si aibu."

Jioni hiyo Mama Barafu alimwambia binti yake nusu iliyobaki. Alitegemea machozi. Alipata kitu kingine.

"Yaani mama ulikuwa unaogopa kumdondosha, na mimi naogopa kumdondosha, na sote tumekaa kimya tukitegemeana?"

"Sasa ungenipa mtoto?"

"Nitakupa. Tena tutamwogesha wote wawili, hivyo atadondoka mara moja tu."

Vidonge vilichukua siku kadhaa kuzoeana na mwili, na tumbo likanung'unika kidogo, lakini vikafanya kazi. Jicho likaanza kubaki wazi hadi jioni. Mnofu ukatafunika bila kituo. Muuza nyama akalalamika kwamba ameachwa bila talaka.

Yakabaki mazoezi. Mama Barafu alikata bonge la barafu, muuza nyama akalipima kwenye mizani yake na kulipunguza kwa msumeno hadi likawa na uzito wa mtoto mchanga, naye akaanza kuligeuza na kuliosha, linateleza, linayeyuka, halimponyoki. Alijivuna sana. Mpimaji, ambaye sasa alikuja karibu kila Jumamosi hata kama hakuna wa kuagwa, alimtazama kwa muda na kutikisa kichwa.

"Mama, unajipendelea. Barafu ndiyo inayokusaidia. Mtoto ataogeshwa kwa maji ya moto."

Ni kweli tupu. Mume ndiye aliyeleta suluhisho, akitembea kutoka upande wa wauza matunda na tikiti maji kwapani. Likapimwa, likaonekana lina uzito wa mtoto wa haja. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya wateja kujaa, Mama Barafu aliketi kwenye stuli fupi, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake, na kuogesha tikiti kwa sabuni, akilishika shingo ambayo halikuwa nayo na kuliimbia. La kwanza lilimponyoka, likapasuka, na soko zima likala. La pili likakaa wiki nzima. Wapita njia walisimama.

"Tikiti hili limeoga kuliko mimi," alisema mmoja.

"Halijambo, ila halina masikio," alisema mwingine.

Hata Mchi alikuja kuona. Alisimama kando, mikono yake mikubwa imefumbatwa, akalitazama tikiti likisuguliwa. Mwishowe akachukua taulo, akalitandaza mapajani na kusema, "Nipe nimkaushe." Mama Barafu akampa. Wakafanya hivyo asubuhi zilizofuata, mmoja anaogesha, mwingine anapokea, wakibishana kuhusu kiasi cha sabuni.

Sasa tikiti limewekwa kando. Mume wa binti yake amepiga simu alfajiri kusema binti ameanza kusikia uchungu na wameshafika hospitali, kitanda kimepatikana, kila kitu ni sawa, wangoje kuitwa. Mume ameegesha gari uso ukitazama barabara. Ameshaliwasha na kulizima mara nyingi, kujaribu tu. Muuza nyama hajauza chochote tangu asubuhi kwa sababu kila mteja anaambiwa anyamaze. Mchi amekuja na mataulo ya kutosha pacha wanne.

Mama Barafu amekunywa dawa yake na amekataa kugusa barafu. Wauza samaki wanajikatia wenyewe, na leo hawalalamiki. Amekaa kwenye stuli fupi, mikono yake iko ndani ya viganja vya mumewe, ambaye anaisugua taratibu kwa sababu mikono ya kumpokea mtu lazima iwe ya moto.

"Bado baridi?" anauliza mzee.

"Endelea tu. Usisimamishe gari."

Simu iko juu ya mfuniko wa friza, mahali ambapo wote wanaiona. Friza linanguruma, na simu inatetemeka kidogo kwa mngurumo huo, na kila ikitetemeka wote wanainama kuitazama.